Sanduku lina kufuli tatu, mazungumzo hayana hata moja

Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri za Tanzania, inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, na mwaka 2024 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Tangu hapo kila ninapokaa na watu wanaoshughulika na vikundi nasikia dawa zilezile tatu: usajili wa kielektroniki, elimu ya fedha na uhakiki wa nyaraka. Sizipingi, ila naamini ugonjwa umesomwa nusu. Kikundi hewa ni wizi, na wizi wa namna hiyo unadhibitiwa kwa nyaraka. Lakini kikundi halisi, chenye akina mama ishirini wanaojuana miaka yote, chenye katiba, akaunti na muhuri, nacho hushindwa kurejesha, na hicho hakikukosa karatasi. Kilikosa uamuzi wa kweli. Kilikaa kikao, kikaandika kwamba wajumbe wote wameafiki, na hawakuwa wameafiki. Hoja yangu ni kwamba vikundi vyetu huharibikia mkutanoni kabla ya kuharibikia kwenye daftari. Kila kikundi kinahitaji mtu mmoja, kwa zamu, ambaye siku hiyo hachangii hoja wala haandiki muhtasari. Kazi yake ni kuangalia namna wenzake wanavyozungumza, wanavyonyamaza na wanavyofikia uamuzi, kisha kuwaeleza alichokiona kabla hawajatawanyika.

Tuanze na fedha zenyewe. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinazitaka halmashauri zitenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo kwa sehemu kubwa hupitia vikundi, na sababu inaeleweka. Mama ntilie hana hati ya nyumba ya kuweka rehani. Anachoweka ni wenzake. Dhamana yake ni ahadi ya watu kubebana, na ahadi hiyo hutolewa mkutanoni. Benki ikipewa hati ya kiwanja hutuma mtu akahakikishe kiwanja kipo. Dhamana ya kikundi ni makubaliano, nasi tunayakagua kwa kusoma sentensi moja kwenye muhtasari: "Wajumbe wote waliridhia." Sentensi hiyo nimeikuta kwenye mihtasari ya vikundi, ya kamati za shule, ya vyama vya ushirika na ya mikutano mikuu ya vijiji, na karibu kila mara imeandikwa na mtu mwaminifu. Katibu hakudanganya. Alisikia sauti ya ndiyo akaiandika. Yaliyokuwa chini ya sauti ile hakuna aliyempa kazi ya kuyasikiliza.

Linaloniuma zaidi ni kwamba vikundi vyetu vya hisa vinajua vizuri mno thamani ya kuangalia. Utaratibu huu wa kuweka na kukopa, ambao mizizi yake iko kwa wanawake wa Maradi nchini Niger walioanza na shirika la CARE mwaka 1991, umejengwa juu ya macho ya watu. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanachama watatu tofauti. Watu wanakaa kwa namba. Namba moja anaitwa, anataja hisa zake, fedha zinahesabiwa na wahesabuji wawili mbele ya wote, muhuri unagongwa kwenye kitabu chake, ndipo namba mbili aitwe. Kabla ya kufunga sanduku kiasi kilichobaki kinatajwa kwa sauti, na wanachama wanatakiwa kukikumbuka hadi mkutano ujao, ili hata daftari likiungua hesabu ibaki vichwani. Ni ubunifu mkubwa, kwa sababu asiyejua kusoma analindwa sawasawa na mwalimu mstaafu. Sasa tazama mkeka uleule, saa moja baadaye, inapofika hoja ya kumkopesha mtu milioni mbili au ya kununua mashine. Hapo hakuna namba zinazoitwa. Hakuna anayehesabu nani amesema na nani amekatizwa, wala anayeshika kichwani swali lililopita bila jibu. Hisa ya shilingi elfu mbili ina mashahidi ishirini, na uamuzi wa mamilioni hauna hata mmoja.

Nina mfano niliokaa nao mwenyewe. Kikundi cha wanawake 22 pembezoni mwa mji wa Singida kiliniruhusu kuketi pembeni siku walipoamua kununua mashine ya kukamua alizeti. Nilichora duara kwenye karatasi, nikaweka alama 22 kwa kufuata walivyokaa, na kila mtu alipozungumza nikapiga kistari kwenye alama yake. Mjadala ulichukua kama dakika arobaini. Mwishoni alama tatu zilikuwa na vistari hadi vinapandana: mwenyekiti, mweka hazina, na mama mmoja mwenye duka ambaye hakuwa na cheo chochote. Alama kumi na tano zilikuwa tupu kabisa. Mama kijana aliyekaa karibu na mlango, amempakata mtoto, aliuliza mara moja tu: "Samahani mama mwenyekiti, mashine ikishafika, usiku italala wapi, na nani atailinda?" Mwenyekiti akamjibu kwa upole, "Hilo tutaliona, mwanangu. Tusitangulize mikosi." Watu wakacheka kidogo, mjadala ukaendelea, na yule binti hakufungua kinywa tena. Ilipofika kupiga kura ya mikono niliona jambo ambalo muhtasari usingeweza kulibeba. Mikono haikupanda pamoja. Ulipanda wa mwenye duka, macho yakamwendea, ndipo mingine ikafuata mmoja mmoja. Baadaye nilikuja kujua kwamba wengi wao huchukua unga na sabuni dukani kwake kwa daftari la mkopo. Muhtasari ulisema wajumbe wote waliridhia. Mashine ilinunuliwa, ikalazwa kwenye uwanja wa mwanachama mmoja, na mwezi wa tatu mota ikaibwa. Marejesho yakasimama, na ubishi wa nani alipe ukaanza. Walioshindwa kulipa hawakuwa wavivu wala wajinga wa fedha. Wengi waliniambia, kila mtu kwa wakati wake, maneno yanayofanana: "Mimi nilijua tangu siku ile."

Kazi ya kuangalia mkutano ina historia yake. Katikati ya mwaka 1946, katika mji wa New Britain, jimbo la Connecticut nchini Marekani, mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake waliendesha warsha ya viongozi wa jamii waliokuwa wakishughulikia ubaguzi. Mchana vikundi vilijadiliana huku waangalizi wakiandika pembeni. Jioni watafiti walikutana peke yao kulinganisha walichoona. Washiriki wachache wakaomba kuingia, wakakubaliwa, na mmoja wao, mwanamke, aliposikia mwangalizi akieleza mwenendo wake wa mchana ule, akapinga na kueleza alivyoliona jambo lile yeye. Ubishi ukawa mkali na wenye manufaa, na jioni zilizofuata watu wakazidi kuja. Walichojifunza kwa kusikia habari zao wenyewe kiliwagusa kuliko mada zilizoandaliwa. Lewin alifariki Februari 1947, na mwaka huohuo wenzake wakaanzisha mafunzo ya aina hiyo huko Bethel, jimbo la Maine. Mwaka 1950 Robert Bales wa Chuo Kikuu cha Harvard akatoa njia ya kupanga kila tendo la mkutano katika mafungu 12: kutoa pendekezo, kuomba maoni, kukubali, kupunguza joto, kuonyesha ukinzani, na kadhalika. Mafungu yenyewe ni mengi mno kwa matumizi ya kawaida. Cha kuchukua kwake ni ile hoja kwamba watu waliokaa kikao wanafanya kazi mbili kwa pamoja: wanashughulikia jambo lililoletwa, na wanashughulikia uhusiano wao wao kwa wao. Muhtasari huandika ya kwanza. Ya pili ndiyo mara nyingi huamua mikono ipande vipi.

Hata hivyo, macho ya Harvard hayatoshi kwenye mkeka wa Singida, au wa Mbagala, au wa Makunduchi. Mwangalizi wetu anatakiwa ajue mambo ambayo hakuna mgeni atakayemwandikia. Mkamwana hawezi kumpinga mavyaa wake hadharani hata kama hesabu iko upande wake. Adabu inamzuia, na akirudi nyumbani jiko ni moja. Mwenye deni hapingi anayemdai. Penye viti vichache na mkeka, waliokaa kwenye viti husikika zaidi, na ukitaka kuona nguvu ya jambo hilo, siku moja wakalishe wote chini. Kuna wanachama wanaochambua jambo kwa ufasaha nje kwa Kinyaturu, kisha ndani wananyamaza kwa sababu kikao kimehamia kwenye Kiswahili cha ofisini, cha "naomba kutoa hoja" na "kwa mujibu wa katiba." Kuna na ajenda yetu maarufu ya mwisho, mengineyo, ambako mambo mazito hupelekwa kwa makusudi, wakati wenye watoto wadogo wameshaondoka na waliobaki wanasikia njaa. Tena kuna mkutano wa njiani. Watu wakishafumua kikao, wakatembea wawiliwawili kurudi makwao, ndipo maneno ya kweli hutoka. Mwangalizi mzuri hatawafuata njiani. Lakini akiona wanachama wanne wamebaki getini nusu saa baada ya kikao kilichoisha "kwa amani," anajua kuna jambo limeachwa nje ya kikao.

Sababu ya kujali alama zile tupu kwenye karatasi si huruma kwa wanyonge peke yake. Kunyamaza kuna gharama kwa kikundi kizima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha wanafunzi mstari mmoja na kuwauliza ni upi kati ya mistari mitatu unalingana nao kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi. Lakini wengine waliokuwa chumbani walikuwa wamepangwa watoe jibu la uongo kwa pamoja, na mtahiniwa mmoja asiyejua mpango akafikiwa zamu yake karibu na mwisho. Katika maswali hayo ya mtego, karibu theluthi moja ya majibu yalifuata kundi, watu wakikana kile walichokuwa wanakiona kwa macho yao. Jambo ambalo watu husahau kulitaja katika habari hiyo ndilo lenye thamani kubwa kwetu: Asch alipomwekea mtahiniwa mwenzake mmoja tu anayesema kweli, kufuata kundi kulipungua sana. Mmoja tu alitosha. Yule mama kijana wa karibu na mlango hakuhitaji kikundi kizima kimuunge mkono. Alihitaji mtu mmoja aseme, "Mama mwenyekiti, swali la mwenzetu halijajibiwa." Hiyo ndiyo kauli ambayo mwangalizi anapewa ruhusa ya kuisema bila kuonekana mkorofi, kwa sababu ndiyo kazi aliyotumwa na kikundi.

Wapo wanaopinga, na baadhi wana hoja nzito. Nzito kuliko zote ni hofu ya kupelelezwa. Tumeishi na balozi wa nyumba kumi, tunajua ladha ya kuwa na jirani anayeandika. Ukimweka mtu pembeni na kalamu, wengine watazidi kunyamaza, na karatasi yake inaweza kuishia mikononi mwa mwenye kinyongo. Hofu hii siidharau, na naona namna tatu za kuipunguza. Zamu izunguke kama funguo zinavyogawanywa, ili leo unaangalia, wiki ijayo unaangaliwa. Mwangalizi aseme matendo asiseme tabia: "watu watatu walikatizwa" inasikika na kupokelewa, ilhali "fulani ana dharau" itavunja kikundi siku hiyohiyo. Na karatasi isitoke. Ikishasomwa, ichanwe mbele ya wote. Hoja ya pili ni kwamba watu wakijua wanaangaliwa hubadili mwenendo. Ni kweli, na katika utafiti hilo ni kasoro. Kwenye kikundi cha kukopeshana ndilo tunalolitaka. Wahesabuji wawili wa fedha nao hubadili mwenendo wa watu, na hakuna aliyewahi kulalamika. Wengine husema mwenyekiti hodari anatosha. Mwenyekiti anashika muda, ajenda, hasira za huyu na uchovu wa yule, na zaidi ya hayo yeye mwenyewe ni sehemu ya kinachotakiwa kuangaliwa. Mama mwenyekiti wa Singida ni kiongozi mwema. Hakujua kabisa kwamba jibu lake la upole lilifunga mlango, na nilipomwonyesha karatasi alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama ile alama ya karibu na mlango ndiyo ya yule binti.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo ninayoisikia mara nyingi, ni kwamba mambo haya ya kuhesabu nani kasema ni ya Wazungu, sisi tuna utamaduni wa maelewano, na kwetu kunyamaza ni kukubali. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha jinsi wazee walivyokaa chini ya mti wakazungumza mpaka wakakubaliana. Uzito wa maneno hayo uko kwenye "mpaka." Walizungumza asubuhi, wakarudi jioni, wakarudi kesho yake, na mzee aliyeongoza alikuwa na kazi ya kumtafuta aliyenyamaza na kumuuliza ana nini moyoni. Sisi tumebakiza kukubaliana, mazungumzo tumeyapa dakika arobaini. Tena chini ya mti ule, mahali pengi, wanawake na vijana hawakukaa, na leo ndio wenye vikundi hivi. Hatuwezi kuwapa mkopo kwa jina lao kisha tukawarithisha utaratibu ambao haukuwahi kuwasikiliza. Na hilo la kunyamaza ni kukubali, kila mzazi aliyewahi kupeleka posa anajua limepindwa. Kimya cha binti kilifasiriwa kuwa kukubali kwa sababu waliofasiri walikuwa ni wale waliotaka akubali.

Kuna jambo naomba lisichanganywe. Mwangalizi hatazuia kikundi hewa, hatamzuia afisa mla rushwa, wala hatampa mvua mkulima wa alizeti. Mikopo mingine haikurudi kwa sababu soko liliharibika, na hapo hata mkutano bora duniani usingesaidia. Vilevile kikundi chenye wanachama watano hakina haja ya kumtoa mmoja akae pembeni. Wao watumie dakika tano za mwisho kuulizana wote. Ninachodai kinahusu vikundi vya watu kumi na tano na kuendelea, vinavyofanya maamuzi makubwa mara chache kwa mwaka. Huko ndiko sauti chache hufunika nyingi bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Kwa maofisa maendeleo ya jamii wa kata, maana ya haya ni ya moja kwa moja. Leo afisa anapopokea maombi ya mkopo huangalia katiba, orodha ya wanachama, muhtasari na akaunti, na anapotembelea kikundi mara nyingi hukuta kimejipanga kumpokea, viongozi mbele, risala mkononi. Akae kwenye mkutano mmoja wa kawaida, wa siku ya hisa, asikalie kiti cha wageni, na achore duara lake. Nusu ya kikundi kutosema neno siku ya kuamua mkopo ni ishara nzito kuliko ukurasa wa katiba uliokosa sahihi. Akiwaona wanachama watatu tofauti wakiuliza maswali magumu na kujibiwa, dhamana aliyotumwa kuikagua ameiona kwa macho. Wanaotoa mafunzo nao wanajua tayari kufundisha ajenda, akidi na uandishi wa muhtasari; waongeze saa moja ya kuwafundisha wanachama kuhesabu vistari. Haihitaji fedha wala mfumo. Inahitaji karatasi na penseli, na kikundi kilichokubali kusikia habari zake.

Kile kikundi cha Singida bado kinabishana kuhusu mota. Ila kimeongeza kazi moja baada ya wahesabuji na wenye funguo, na zamu inakwenda kwa namba kama hisa. Mara ya mwisho nilipowatembelea mwangalizi alikuwa namba kumi na moja, bibi asiyejua kuandika, aliyehesabu kwa punje za mahindi kwenye bakuli. Mwenyekiti alikuwa ameshauliza kama kuna la ziada na ameshika mkoba wake. Bibi akasema, "Leo watu tisa hawakusema. Na swali moja limebaki. Mwenzetu ameuliza kwa nini faini ya kuchelewa kila mara huwapata wanaokuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya bwawa, hakuna aliyemjibu." Mwenyekiti akaweka mkoba chini, akamgeukia aliyeuliza, akamwambia, "Haya mama, tueleze vizuri. Mnaondoka nyumbani saa ngapi?"